Fedha za chumba cha meno zikipungua: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Nimesimama kando ya kiti cha meno katika vituo vya serikali kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kushika taa, kuchanganya dawa ya kuzibia, na kumtuliza aliyekalia kiti. Sasa nimestaafu, naishi Makorora, na watu bado wananisimamisha njiani: sokoni Mgandini, msibani, hata ndani ya bajaji. Wanauliza mambo yaleyale, kwa hiyo nimeyaandika hapa ili anayetaka asome na ampe jirani.

Chumba cha meno kiko wazi na tabibu yupo. Sasa hizo fedha zimepungua wapi?

Ukisubiri tangazo ukutani hutaliona. Hakuna kituo kinachoandika "fedha za meno zimekatwa". Wakati mwingine bajeti yenyewe hupitishwa ikiwa ndogo. Mara nyingi zaidi hupitishwa nzuri kwenye makaratasi, kisha ikafika nusu, au ikafika mwaka wa fedha unakaribia kufungwa, wakati huo mmeshakaa miezi bila kitu. Na ipo namna ambayo watu hawaihesabu kabisa: kiasi kinabaki kilekile huku bei inapanda. Karibu kila kinachotumika kwenye chumba cha meno kinatoka nje, kuanzia sindano ya ganzi hadi balbu ya taa. Shilingi ikishuka, fedha ileile inanunua makasha machache.

Mlango unabaki wazi kwa sababu mshahara wa tabibu unatoka fungu jingine. Yeye atakuja kazini, atavaa koti lake, atakuona. Atakachokosa ni cha kufanyia kazi. Kwanza inaisha dawa ya kuzibia, kisha vichwa vya drili vinakuwa butu, halafu kompresa inayosukuma upepo inakorofisha na hakuna fungu la kumwita fundi. Mwisho kinachobaki ni koleo, ganzi na pamba.

Ukitaka kujua hali ya fedha kwenye kituo chako, usiulize kuhusu bajeti. Uliza hivi: "Mwezi huu mmeziba meno mangapi, na mmeng'oa mangapi?" Jibu hilo linasema kila kitu.

Kwani huduma hii hugharamiwa na nani?

Na wengi kwa pamoja, ndiyo maana pengo likitokea kila mtu anamtazama mwenzake. Serikali Kuu hulipa mishahara na kutoa ruzuku. Dawa na vifaa tiba hutoka Bohari ya Dawa, ambayo ina ghala la kanda hapa Tanga. Wapo wahisani wanaochangia Mfuko wa Pamoja wa Afya. Halmashauri huongeza mapato yake ya ndani. Ipo bima. Halafu uko wewe mwenyewe na fedha za papo kwa papo, unazolipa baada ya kupewa namba ya kumbukumbu.

Uchangiaji wa wagonjwa ulianza mwaka 1993. Kabla ya hapo hospitali ya serikali haikutoza. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, badala ya kukaa halmashauri. Hilo lilikuwa jambo jema sana, nalisema kwa moyo wote, maana kituo kiliweza kununua kinachokosekana bila kuandika barua tano.

Ila kituo kina wodi ya wazazi, maabara, chanjo, na kuna malaria. Mganga mfawidhi akiwa na fedha za kununua kitu kimoja kati ya glovu za chumba cha kujifungulia na dawa ya kuzibia meno, atachagua glovu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Meno hayashindwi kwa sababu viongozi hawayajali. Yanashindwa kwa sababu kila mara yanashindanishwa na uhai wa mtu aliye mbele ya macho.

Jino langu lina tundu dogo tu. Kwa nini nimeambiwa ling'olewe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo linaloniuma kuliko yote.

Koleo ukishalinunua linatumika miaka. Linaoshwa, linachemshwa kwenye otoklevu (mtungi wa mvuke wa kuulia vijidudu), linarudi kwa mgonjwa mwingine. Kung'oa kunahitaji ganzi, sindano, glovu na pamba, basi. Kuziba ni kazi nyingine. Kila jino linakula dawa yake, na dawa hiyo haichemshwi ikarudi. Ipo ile saruji nyeupe, glasi ayonoma, tuliyozoea kuipata: kichupa cha unga na kichupa cha maji yake. Unatia kijiko kidogo cha unga juu ya karatasi, matone mawili ya maji, unakoroga haraka kwa kibao cha plastiki hadi ing'ae kama krimu, na una dakika chache tu kabla haijaganda. Nimeikoroga mara nyingi hata usingizini mkono unajua. Kichupa cha unga kikiisha, jino ambalo lingezibwa kwa dakika ishirini linageuka kuwa jino la kung'oa.

Nitasimulia moja. Kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka tisa, mama yake anakaanga mihogo jioni. Gego la chini lilikuwa na tundu la ukubwa wa punje ya choroko. Halikuwa linauma, lilikuwa linashika chakula tu. Tukamwambia mama arudi baada ya wiki mbili, unga umeisha, umeagizwa. Akarudi, haujaja. Akarudi tena baada ya mwezi, haujaja. Mara ya nne alikuja usiku wake hawakulala, shavu limejaa, mtoto ameshika kanga ya mama mdomoni. Tundu lilikuwa limefika kwenye mshipa. Tabibu aliling'oa, alifanya kazi safi kabisa, mtoto hakulia sana. Nilikuwa nimeshika kichwa chake. Alipotema damu kwenye beseni akaniangalia akauliza, "Bibi, lingine litaota lini?" Lilikuwa gego la kudumu. Halioti tena. Mama yake ndiye aliyelia.

Kituo kile sitakitaja, na wala hakuna aliyekosa pale. Mama alifanya kila alichoambiwa. Tabibu vilevile. Ila kichupa cha unga kingetosha meno mengi kama lile, na safari nne za bajaji peke yake zilimgharimu mama yule fedha za biashara yake.

Na kinachonisikitisha ni kwamba namna ya kuziba bila umeme wala drili, kwa vyombo vya mkono na saruji hiyohiyo, ilianzia hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwa kifupi huitwa ART, kutoka Kiingereza Atraumatic Restorative Treatment, yaani kuziba bila kujeruhi. Tabibu anakwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, anajaza tundu, anabana kwa kidole. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Shirika la Afya Duniani liliitangaza ulimwenguni mwaka 1994, mwaka ambao Siku ya Afya Duniani ilikuwa ya afya ya kinywa. Nchi nyingi zimejifunza kwetu. Inafanyika shuleni, chini ya mwembe, mtoto amelala juu ya meza. Inachohitaji ni kile kichupa.

Kuziba si ghali? Labda kung'oa ndiyo kuokoa fedha.

Kwa siku ile moja, ndiyo. Baada ya hapo hesabu inageuka. Gego likitoka, majirani zake wanaanza kulalia pengo, lile la juu linashuka taratibu kutafuta mwenzake, chakula kinakwama mahali ambapo hakikukwama zamani, na meno mengine yanaanza kuoza. Mtu anatafuna upande mmoja. Baadaye anahitaji meno bandia, ambayo ni ghali zaidi ya kuziba, na mara nyingi atayalipia mwenyewe.

Gharama ya jino ukiikataa leo haiondoki kwenye nchi. Inahama kutoka kituoni kwenda kwenye pochi ya mama, kisha kutoka pochi ya mama kwenda wodini.

Kuna mahali walikata fedha za meno kisha ikaonekana matokeo yake?

Wapo, na waliandika hesabu. Jimbo la California, Marekani, liliondoa huduma nyingi za meno kwa watu wazima wasio na uwezo mwezi Julai 2009, wakati wa msukosuko wa uchumi. Wachunguzi walipotazama rekodi za hospitali waliona watu wameanza kukimbilia vyumba vya dharura kwa maumivu ya meno, zaidi ya mara 1,800 za ziada kwa mwaka. Na chumba cha dharura hakizibi jino. Unapewa dawa ya maumivu na ya vijidudu, unarudi nyumbani na jino lako bovu. Jimbo hilo likaanza kurudisha huduma Mei 2014, na kuzirudisha zote Januari 2018. Miaka ile katikati, meno ya watu hayakusubiri.

Huko huko Marekani, jimbo la Maryland, mwaka 2007, kijana wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver alifariki dunia baada ya usaha wa jino kufika kwenye ubongo. Familia yake ilikuwa imepoteza bima ya serikali. Kung'oa jino lile kungegharimu kama dola 80. Upasuaji na wiki za hospitali ziligharimu kama dola 250,000, na bado hakupona. Nikilisoma hilo huwa namkumbuka mtoto wa mama wa mihogo, nashukuru kwamba sisi tuliwahi.

Uingereza nayo ilianza Julai 1948 kwa kutibu meno bila malipo. Wingi wa watu waliojitokeza uliwashtua wenyewe. Mwaka 1951 wakaamua kutoza kwa meno bandia na miwani, na waziri aliyeanzisha huduma ile, Aneurin Bevan, alijiuzulu kwa kupinga. Kwa hiyo hata nchi yenye fedha meno huguswa mapema.

Misaada ya Marekani iliyosimamishwa mwaka 2025 inahusiana vipi na meno? Ile si ilikuwa ya UKIMWI?

Ni kweli, fedha nyingi zile zilikwenda kwenye UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Agizo la kusimamisha lilitoka tarehe 20 Januari 2025, na shirika la USAID likafungwa rasmi Julai mosi mwaka huohuo. Chumba cha meno hakikuwa kwenye orodha yao.

Lakini mfuko wa afya ni nguo moja. Ikichanika sehemu kubwa, kiraka kinakatwa kwenye sehemu isiyoonekana. Mtu asiyepata dawa za kufubaza virusi anaonekana mara moja na lazima asaidiwe. Mtu mwenye jino bovu analia usiku, asubuhi anafunga kilemba na kwenda sokoni. Kati ya hao wawili, kiraka kitakatwa kwa nani?

Kisha kinywa na UKIMWI havijawahi kuwa mbali. Wagonjwa wengi tuliowapeleka kupima, tuliona kwanza utando mweupe wa fangasi mdomoni, walipokuwa wamefungua kinywa kwa ajili ya jino. Chumba cha meno kikilala, jicho hilo nalo linafumba.

Nani anaumia zaidi?

Aliye mbali. Mtu wa Raskazone akikosa huduma kituoni kwake anapanda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na jioni yuko nyumbani. Mtu wa kijiji cha Mkinga au wa ng'ambo ya mto Pangani anahesabu nauli ya kuja na kurudi, chakula cha njiani, na siku nzima bila kazi. Pangani mjini hadi Tanga ni kama kilomita 50. Akiambiwa "rudi wiki ijayo", harudi. Atarudi uso umevimba. Zahanati ya kijijini kwa kawaida haina huduma ya meno, huanzia kituo cha afya. Kwa hiyo chumba kimoja kikikosa vifaa, si kata moja inayokosa, ni tarafa nzima.

Mjamzito anaumia pia, maana fizi zake zinavimba na kutoka damu kirahisi, na bado wapo wanaomwambia asiguse meno mpaka ajifungue. Si kweli. Atibiwe, aseme tu kwamba ana ujauzito. Mwenye kisukari hali yake ni nzito zaidi: sukari ikipanda fizi zinaoza, na fizi zikiwa na usaha sukari inakuwa ngumu kushuka.

Na mtoto wa miaka sita. Huyu nitamweleza peke yake.

Kwa nini mtoto wa miaka sita?

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha watoto walio chini ya miaka mitano. Gego la kwanza la kudumu linaota mtoto akiwa na miaka sita hivi. Tazama hesabu hiyo: msamaha unakwisha, jino la maisha linaingia.

Na linaingia kimyakimya. Halisukumi jino la utoto, linaota nyuma yake, mahali palipokuwa wazi, kwa hiyo hakuna jino linalong'oka na wala mzazi hajui. Akiliona linaanza kuoza anasema, "Si la utotoni hilo, litang'oka." Meno ya utoto ni 20. Mhesabie mwanao, upande mmoja wa taya, kuanzia katikati: la kwanza hadi la tano ni ya utoto. La sita ni lake la maisha. Mwite sasa hivi, mpeleke mlangoni penye mwanga, umhesabie.

Na kama mwanao mchanga anaharisha na mtu akakwambia ana "meno ya plastiki" au "nailoni" yanayotakiwa kung'olewa, mkatalie, hata awe mkweo. Vile vyeupe kwenye ufizi ni vijino vyake ambavyo havijaota. Kuvichokoa kumewaletea watoto maambukizi ya usaha, pepopunda, damu kuvuja, hata kifo. Kuharisha kutibiwe kwa maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya.

Bima yangu inalipa meno?

Mfuko wa Taifa unalipia huduma za meno, ila si kila kitu na si kila mahali. Bima ya Afya ya Jamii iliyoboreshwa, iliyoanza 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, kitita chake ni kidogo zaidi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita Bungeni Novemba 2023. Kabla hujakaa kwenye kiti, uliza dirishani: kuziba kumo, picha ya jino imo, tiba ya mzizi imo? Uliza wakati bado unaweza kusimama ukaondoka.

Kadi ya bima pia haizai dawa ya kuzibia. Nimewaona watu wenye kadi halali wakiambiwa hakuna kifaa. Bima inalipa kilichofanyika, na kisichokuwepo hakifanyiki.

Sina fedha kabisa. Nifanye nini?

Usirudi nyumbani. Mwombe afisa ustawi wa jamii wa kituo, ndiye anayesikiliza maombi ya msamaha. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anatajwa kwenye sera, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Nenda na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mwenyekiti wa mtaa akikuzungusha, nenda na jirani mmoja mwenye sauti.

Jino linauma, kituo hakina vifaa. Karafuu inasaidia?

Inatuliza. Mafuta ya karafuu yana ganzi yake ya asili, na bibi zetu wa pwani hawakukosea. Dondoshea kwenye pamba ndogo, weka kwenye tundu, usimwagie ufizi maana yanaunguza. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Parasitamo inasaidia usiku kupita. Hayo yote ni ya kukufikisha kwa tabibu.

Kumeza amoksilini, dawa ya kuua vijidudu, uliyogawiwa na jirani ni jambo jingine. Uvimbe unashuka siku tatu, unadhani umepona, lakini tundu lipo palepale na vijidudu vinajifunza kuizoea dawa. Na usiweke maji ya betri wala petroli. Nimeona midomo iliyoungua.

Lini ni dharura?

Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni. Ukishindwa kumeza mate, kufungua kinywa, au kuvuta pumzi vizuri. Jicho likianza kuzibwa na uvimbe. Homa kali na kutetemeka. Usisubiri asubuhi, usisubiri zamu ya tabibu wa meno, nenda hospitali usiku huohuo, na sema tangu mlangoni kwamba ilianza na jino.

Kuna mtu mtaani anang'oa kwa bei nafuu. Vipi?

Muulize anachemshia wapi vyombo vyake. Homa ya ini na virusi vya UKIMWI husafiri kwenye damu iliyobaki kwenye koleo. Akikuonyesha ndoo ya maji na kitambaa, mshukuru, uondoke.

Tanga si ina chuo cha matabibu wa meno? Mbona vituo vingine havina hata mmoja?

Chuo kipo, na vijana wazuri wamepita pale, baadhi nimewafundisha kushika kioo. Kumaliza chuo na kuajiriwa ni mambo mawili. Ajira inahitaji kibali, kibali kinahitaji fungu la mishahara, na ikama ya kituo inaweza kusema nafasi mbili huku aliyepo ni mmoja kwa miaka. Huyo mmoja akienda likizo ya uzazi, chumba kinafungwa. Kijana aliyesomea meno utamkuta anauza vocha au yuko hospitali binafsi mjini. Hili nalo ni fedha kupungua, ingawa hakuna aliyeandika kwamba kuna kitu kimekatwa.

Sisi wananchi tunaweza kufanya nini kuhusu bajeti?

Zaidi ya tunavyodhani. Kila kituo kina kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wajumbe wa wananchi. Kamati hiyo inajua fedha zilizoingia na zilizotumika. Mjue mjumbe wako kwa jina. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, lakini mpango wa kituo unaandikwa miezi mingi kabla, kwa hiyo anayekwenda kulalamika Juni amekuta chungu kimeshaipuliwa. Nenda Novemba au Desemba, wakati wanaorodhesha mahitaji.

Usiende na "tunaomba huduma ya meno iboreshwe". Maneno hayo yanaingia kwenye muhtasari na kufia humo. Nenda na kitu kinachoweza kununuliwa: makasha kadhaa ya glasi ayonoma kwa robo mwaka, ganzi, seti mbili za vyombo vya mkono vya ART, fundi wa kompresa mara mbili kwa mwaka. Waambie kwamba mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza glasi ayonoma na dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, si anasa tena. Waombe rejista ya chumba cha meno isomwe mkutanoni, yaliyozibwa na yaliyong'olewa. Tarakimu hizo mbili zikisomwa kila robo mwaka mbele ya diwani, mtu ataanza kuona aibu, na aibu imewahi kununua vifaa vingi.

Nchi za Afrika ziliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wabunge wetu wakumbushwe. Lakini kule Dodoma ni mbali, na kamati yako iko umbali wa kutembea. Mimi ningeanza na kamati.

Mwalimu mkuu naye asisahaulike. Barua yake ya kuomba tabibu aje kukagua darasa la kwanza na la pili ina uzito, na gharama yake ni mafuta ya pikipiki.

Nyumbani je?

Dawa ya meno yenye floraidi, asubuhi na kabla ya kulala. Mtoto chini ya miaka mitatu, ukubwa wa punje ya mchele. Akizidi hapo, punje ya njegere. Ateme, asisukutue kwa maji mengi, floraidi ibaki ikifanya kazi. Mswaki wa mwarobaini ni mzuri kwa aliyeuzoea, ila hauna floraidi. Ubuyu wa sukari, kashata, soda na lambalamba vinaharibu zaidi vikiliwa kidogokidogo siku nzima kuliko vikiliwa kwa pamoja baada ya chakula. Wakati wa Ramadhani, mtoto akishamaliza kaimati na tende usiku, apige mswaki ndipo alale.

Jino la mwanangu limeshang'olewa. Kuna la kufanya?

Lipo. Mpeleke akaguliwe mengine, hasa gego la upande wa pili, kwa kawaida linafuata njia hiyohiyo. Uliza kama kituo kina dawa ya kuziba mifereji ya magego kabla hayajatoboka. Kama hakina, andika tarehe uliyoambiwa hakina. Ukirudi ukaambiwa tena hakina, andika na hiyo. Mama wa mihogo alikuwa na tarehe zake nne nyuma ya daftari la madeni la wateja wake. Nilimsindikiza hadi kwenye kikao cha kamati, akazisoma moja baada ya nyingine, mwenyekiti akamwomba azirudie ili katibu aandike.